Hujafa Hujaumbika: Kumchonga Mtu Yule Yule Tena na Tena

Vijana kadhaa wa Lamu waliokulia kwenye karakana za milango wamekuwa wakiniuliza namna ya kutoka kwenye nakshi na kuingia kwenye umbo la mtu. Jibu hili ni lao, na la fundi mwingine yeyote wa mwambao mwenye hamu hiyo. Njia ipo, lakini ina gharama, na baadhi ya gharama zake hazilipwi kwa shilingi. Nilipoianza sikuwa na wa kumwuliza. Vifaa nilivinunua kwa kubahatisha, mbao nzuri ziliishia jikoni, na nyumbani kukaingia maneno ambayo yangeepukika kama mtu angenikalisha chini mapema akanieleza.

Niseme kwanza nilikotoka, maana shida yenyewe ilianzia huko. Nimefunzwa kazi ya mlango na baba yangu, naye alifunzwa na baba yake. Katika mlango kila kitu kina mwenzake. Mwimo wa kulia, yaani nguzo ya ubavuni, una mwimo wa kushoto, na mfaa, ule ubao wa wima panapokutana mbao mbili za mlango, umesimama katikati. Ua moja likizidi lenzake kwa unene wa ukucha, baba alikuwa haniambii kitu. Aliligeuza lile pande la mti upande wa pili, akaniwekea mbele yangu, nami nikajua naanza upya. Baada ya miaka ya malezi hayo mkono wangu ulikuwa unajua jambo moja tu, nalo ni usawa. Ni jambo la kujivunia hadi siku utakapotaka kumchonga mtu, kwa sababu hakuna mtu aliye sawa pande zote mbili.

Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Malindi alikuja kuagiza fremu za picha, akaniachia kitabu chenye picha za kazi za Alberto Giacometti. Mchongaji huyo alizaliwa mwaka 1901 Borgonovo, kijiji cha milimani upande wa Uswisi wanakozungumza Kiitaliano. Alikwenda Paris mwaka 1922, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliifanyia kazi katika chumba kimoja kidogo kwenye mtaa wa Hippolyte-Maindron. Alipopata jina na fedha hakukihama. Alifariki Januari 1966.

Mwanzoni kitabu kile kilinikasirisha. Ndani yake mlikuwa na watu warefu, wembamba kupita kiasi, nyayo kubwa zilizoganda chini, mwili mzima umejaa alama za vidole na kisu. Mwanamume anatembea, mwanamke amesimama. Ukifunua ukurasa wa pili ni wao tena. Kuna mmoja wa mwaka 1950 ambaye anayumba, yuko karibu kuanguka, na ukimtazama vizuri ni yule yule anayetembea. Kwa jicho la fundi wa milango ile ni kazi iliyoachwa njiani. Lakini nilikuwa nikikifunga kitabu na kukifungua tena, na hasira ikapungua.

Wengi wamewasoma watu hao kama binadamu baada ya Vita vya Pili vya Dunia: mpweke, dhaifu, ameponea chupuchupu. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika kuhusu kazi hizo mwaka 1948, na maelezo ya namna hiyo yakaenea. Giacometti mwenyewe alikuwa akisema kwamba anajaribu tu kumfanya mtu kama anavyomwona, na kwamba hafaulu. Neno hilo la pili ndilo lililonishika. Miaka ya vita, akiwa Geneva, sanamu zake zilikuwa zikipungua mikononi mwake hadi nyingine zikaenea ndani ya kiberiti. Vita vilipokwisha zikarefuka, lakini zikakonda. Nyingi alizivunja mwenyewe. Akarudi kwa mtu yule yule mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kila akifika anaona bado.

Kwetu husemwa hujafa hujaumbika, na mara nyingi husemwa kumkanya anayemcheka kilema. Nilipomtazama yule mtu anayetembea niliiona methali hiyo imesimama kwa miguu miwili. Wengine wanaona huzuni pale. Mimi niliona mtu ambaye kazi ya kumuumba haijesha. Nikataka kumfanya wa kwetu.

Ushauri ambao ningeutanguliza mbele ya yote ni huu: usianze na binadamu kwa jumla. Anza na mtu mmoja, mwenye jina, ambaye unaweza kumwona kila siku akiinuka, akikaa na akivaa viatu. Mimi nilimwendea ami yangu.

Ami alikuwa mkata boriti. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kabla Serikali haijapiga marufuku mwaka 1982 kupeleka boriti ng'ambo, miti hiyo ilikuwa ikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Mkata boriti huondoka na mashua akifuata maji, huingia ndani ya mikoko, hukata, kisha huubeba mti begani katikati ya matope mpaka chomboni. Miti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, kila aina na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ami alibeba kwa bega la kulia tangu ujanani. Leo bega hilo limeshuka, na nyuma ya mtulinga pana shimo ambamo gumba la mtu mzima huzama lote. Akinywa kahawa hulaza kichwa upande wa kushoto, na akisimama kwa muda mrefu mguu wake wa kushoto hufunguka nje taratibu hadi anaurudisha.

Nilimwomba ruhusa. Mtu mwenye kasoro mwilini haendewi kwa kuzungukwa, wala hachorwi kwa siri ukiwa umejificha nyuma ya dirisha.

"Ami, nataka kukuchonga. Na bega lako hivyo lilivyo."

Alikaa kimya kidogo. "Bega la nini, mwanangu?"

"Ndilo ninalolitaka."

"Haya. Ndoo baada ya alasiri, yua likipoa."

Mti niliuchagua kutoka kwenye kazi yake. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na nyumba kama hiyo ikifumuliwa paa kwa ukarabati hutoka boriti kuukuu nyingi ambazo mafundi huziuza kwa bei ya kuni. Mimi nilizipata kwa shilingi 300 hivi moja. Nakushauri utafute hizo na uache mikoko iliyosimama. Kukata mkoko mbichi kunahitaji kibali, na tangu marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 kila mtu hapa amejifunza kwamba kibali si jambo la kuchezea. Tena mti mbichi utakupasukia. Boriti iliyokaa darini tangu enzi za babu zako imeshakauka, na lililokuwa lipasuke limepasuka tayari.

Upole hauna, lakini. Mti wa mkoko ni mzito na mgumu, na patasi iliyozoea mwembe itavunjika makali siku ya kwanza. Kabla ya kugusa chochote, pitisha sumaku mti mzima kutafuta misumari, kisha piga brashi ya waya, maana chokaa iliyoganda ndani ya nyufa hula makali kuliko mti wenyewe. Kata umbo kubwa kwa msumeno, usitegemee tezo. Nyuzi za mkoko zikipigwa kwa tezo hubanduka vipande virefu na bega zima linaweza kuondoka. Weka kinoo na maji karibu na mkono. Mimi nilikuwa nikinoa patasi mara nyingi hata nikazoea kukihesabu kinoo kuwa sehemu ya kuchonga.

Wembamba wa sanamu zangu watu huuona kuwa nimeuiga kwa Giacometti. Kwa kweli ni unene wa mti. Boriti haikupi nafasi ya kifua kipana wala tumbo, kwa hiyo mtu wako atakuwa mwembamba utake usitake. Hapo ndipo kazi yake na yangu zinapoachana: yeye alikuwa akiweka udongo au plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda, juu ya waya, akiongeza na kupunguza, na mtu akikonda amekonda mikononi mwake. Mimi napunguza tu, na unene wa kuanzia umeshaamuliwa na mti.

Sanamu za mwanzo zilitoka nzuri mno. Mabega sawa, miguu sawa, msasa mpaka zinang'aa. Mwenye hoteli mmoja alitaka kuzinunua zote azitengeneze nguzo za taa. Nikaanza basi kuzitia kasoro: huyu nikamkata mkono, yule nikamkwangua kifua, mwingine nikamtoboa. Jirani yangu, fundi wa viti, alimwokota mmoja na kuniuliza kwa upole kama nahitaji gundi. Alikuwa hana nia mbaya, na swali lake lilinifaa kuliko sifa za mwenye hoteli. Alichokuwa ameshika ni kitu kizima kilichoharibiwa. Mtu hakuwemo.

Iliyonitoa hapo ni timazi, ile kamba yenye uzito nchani ya kupimia wima. Nilifunga timazi kwenye dari ya baraza, kamba ikining'inia kutoka juu hadi sakafuni, nikamwomba ami asimame nyuma yake. Mtu aliyesimama sawasawa, kamba humpita katikati ya paji la uso, kidevu, kitovu na baina ya vifundo vya miguu. Kwa ami kamba ilianzia kwenye paji la uso, ikapita mbavu za kulia, ikakiacha kitovu upande wa kushoto, ikatua kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Nikaona kwamba bega lililoshuka halikushuka peke yake. Nyonga ya kushoto imepanda kulifidia. Shingo imejikunja ili macho yabaki sawa na upeo. Goti la kulia linabeba uzito ambao la kushoto halibebi, na ule mguu unaofunguka nje unatafuta pa kuegemea. Mwili mzima umejipanga upya kwa sababu ya mzigo ulioteremshwa zamani.

Hili ndilo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Kasoro ya mtu haikai mahali pamoja. Huwezi kumtengeneza mtu mkamilifu kisha ukambandika kilema begani, wala ukamchonga kisha ukamkata. Inabidi uijue kasoro kabla patasi haijagusa mti, kwa sababu itakuambia hata kisigino kikae vipi. Nilianza kuchora kamba ya timazi kwa penseli kwenye boriti kabla ya kukata chochote, na tangu siku hiyo watu wakaacha kuniletea gundi.

Giacometti, kwa njia, alijua kutembea kwa shida. Mwaka 1938 aligongwa na gari mjini Paris, mguu ukaumia, na baadaye alichechemea. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya sanamu zake. Nasema tu kwamba ukimtazama yule anayetembea, uzito wake uko mahali pake hasa, na uzito haubuniwi.

Ami alipomwona wa kwanza aliyechongwa kwa timazi alimzunguka, akamgusa, akakaa chini.

"Umenionea haya," akasema. "Bega lishushe."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimelipandisha kidogo, kwa mapenzi. Mkono uliofunzwa usawa hurudi nyumbani kwake usipouangalia, na unapomchonga mtu unayempenda hurudi haraka zaidi. Kwa mti sikuweza kushusha bega bila kulifanya jembamba kama kidole. Ndipo nilipoamua kujifunza plasta, nijaribu umbo kwanza mahali ambapo naweza kuongeza.

Hapa nieleze taratibu, maana plasta ya Paris katika mji wa baharini ina visirani vyake. Kwanza, haipatikani Lamu kwa urahisi. Yangu niliagiza Mombasa, na nauli ya kuifikisha ilikaribia bei ya plasta yenyewe. Ikifika, ihamishe siku hiyo hiyo kutoka mfukoni uiweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Unyevu wa hapa huiua ndani ya mfuko, na utajua imekufa pale itakapokataa kushika, au ikishika inamomonyoka. Pili, maji yawe matamu. Maji ya visima vyenye chumvi huifanya plasta ishike upesi kabla hujaigeuza. Mimi natumia ya upande wa Shela yanayotoka chini ya vilima vya mchanga. Tatu, nyunyizia unga ndani ya maji, usimwagie maji ungani, na ukishakoroga usiendelee kuchezea, kwa kuwa kila mkorogo unaifupishia uhai. Changanya kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza ndani ya dakika kumi.

Nne ni waya. Waya wa kufungia nondo ni rahisi na unapinda vizuri, lakini una kutu, na kutu hupenya plasta. Mtu wangu mmoja aliota madoa ya kahawia kifuani na mapajani wiki chache baada ya kukauka, na hakuna rangi iliyoyaficha. Paka waya vanishi, kanzu mbili, uache ukauke kabisa, au nunua wa shaba kama fedha zinaruhusu. Zungushia waya kwa kamba ya katani ili plasta ipate pa kushika.

Kutoka kwa Giacometti nilichukua pia utaratibu mmoja ambao umeniokolea kazi nyingi. Mwaka 1956, alipokuwa akitengeneza wale wanawake wanaoitwa Wanawake wa Venice, alifanyia kazi udongo ule ule juu ya waya ule ule. Akifika pahali akaona pana kitu, ndugu yake Diego alichukua umbo hilo kwa plasta, kisha Alberto akaendelea kuubadilisha udongo kama kwamba hakuna kilichotokea. Kila mwanamke ni kituo katika safari ya mwili mmoja. Mimi sina Diego wala fedha za kutengeneza kalibu kila jioni, lakini mjukuu wa ami ana simu. Kila jioni humpiga picha mtu wa plasta kutoka pembe zile zile, mbele, nyuma na ubavuni, na taa ile ile. Zaidi ya mara moja picha zimenionyesha kwamba Jumanne alikuwa hai na Ijumaa nimemuua kwa kumsahihisha. Sasa nikiona hivyo narudi nyuma.

Nifike kwenye lililoniumiza zaidi. Lamu ni mji wa Kiislamu, na sisi wachonga milango tumezoea maua, majani, minyororo na maandishi. Umbo la mtu si la kwetu, na watu walisema. Msimamizi wa nyumba moja, aliyekuwa ameshaniahidi mlango mkubwa, alimpa mtu mwingine kazi ile baada ya kusikia nafanya masanamu. Hakuniambia usoni, nilimwona fundi mwenyewe akipima. Ile kazi ingenilipia ada ya watoto. Nyumbani mke wangu alisema waziwazi kwamba hataki sanamu ndani ya nyumba anamosali, na sikuwa na la kumjibu kwa sababu hata mimi moyo haukuwa umetulia.

Nilikwenda kwa mwalimu aliyenisomesha utotoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja na swali zito."

"Marahaba. Uliza, mwanangu, swali haliui."

Nikamweleza yote, na picha nikamwonyesha. Alinisomea Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud na ya Tirmidhi, ambamo Jibril alimwambia Mtume (S.A.W.) aamuru kichwa cha sanamu iliyokuwa nyumbani kikatwe iwe kama umbo la mti. Akanieleza kwamba wako wanazuoni wanaosema sanamu iliyokosa kiungo ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho haiingii katika katazo, na wako wanaokataza yote, na kwamba yeye binafsi angependa niendelee na milango. Hakunifukuza. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na hili silitoi kama fatwa. Kila mtu na amwendee mwalimu wake kabla ya kununua hata patasi moja, kwa sababu ukishaanza utaulizwa, na ni vibaya kuulizwa ukiwa hujauliza.

Nilitoka pale nikiwa nimeamua umbo. Boriti kuukuu ina ncha iliyolala ndani ya ukuta miaka mingi, na ncha hiyo mara nyingi imeoza kwa unyevu, imeliwa, haina sura. Watu wangu wote huishia hapo. Shingo inapanda kutoka kwenye bega lililoshuka, na badala ya kichwa pana ile ncha ya mti kama ilivyotoka ukutani, bila kuguswa na patasi. Mtoto wa jirani alimtazama mmoja akaniuliza, "Kitwa chake ki wapi? Mbona hana mato?" Nikamwambia huyu ni mti. Alikubali kwa urahisi kuliko watu wazima.

Giacometti alihangaika sana na macho. Alikuwa akitafuta tazamo la mtu aliye hai. Mlango huo mimi nimeufunga kwa hiari. Kwa hiyo uhai wote wa mtu wangu lazima uwe kwenye bega, nyonga na kisigino, na nikikosea hapo hana pa kukimbilia. Nyumbani tuliafikiana kwamba sanamu zinalala karakanani, nyuma ya pazia, na hazivuki kizingiti. Makubaliano hayo yameheshimiwa pande zote mbili.

Maonyesho yalikuwa Malindi. Kutoka Lamu unavuka kwa mashua hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen. Funga kila sanamu kwa godoro la sponji kisha gunia, na kamba zisipite shingoni. Beba orodha yenye picha na bei ya kila kazi, kwa sababu kwenye vizuizi utaulizwa umebeba nini, na mzigo mrefu uliofungwa gunia huzua maswali.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa. Mti uliozoea hewa ya Lamu ulikaushwa ghafla, na kabla maonyesho hayajesha mmoja wa watu wangu wakubwa alipasuka kutoka kwapani hadi nyongani. Wageni walimpenda kuliko wote. Waliniambia ufa umekamilisha maana, kwamba ndiyo kasoro ya binadamu yenyewe. Mimi nilikataa, na nikaomba bei yake iondolewe. Ufa ule ulitokana na mashine ya baridi. Bega la ami limetokana na ami. Ukikubali kila kilichoharibika kiitwe alama ya udhaifu wa binadamu, utakuwa huna haja ya kumtazama mtu tena. Utaacha kazi juani na maana itajileta. Wenye ukumbi waliniona mgumu. Nakushauri uwe mgumu hivyo, na uulize habari ya kiyoyozi kabla ya kusaini chochote.

Huko Malindi watu wengi pia walitaja vigango. Ni kawaida: ukiona mtu mwembamba wa mbao mwambao huu, unawakumbuka Wagiriama na nguzo wanazowasimamishia wazee wao wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, waliokufa. Nilikwenda kumsikiliza mzee mmoja nje ya mji. Alinieleza kwamba kigango ni mtu, na hakihamishwi. Kikisimamishwa kinaachiwa mvua na mchwa mpaka kianguke chenyewe. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na mwaka 2014 jumba moja la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kurudisha 30. Vijana wenzangu, msichonge vigango vya kuuza. Mtalii atakuomba, na atatoa bei nzuri. Mwambie hapana. Ile si kazi ya soko, na kuna familia ambazo bado zinawatafuta wazee wao.

Kuhusu fedha nitasema kama ilivyokuwa. Kabla ya kuuza sanamu ya kwanza nilikuwa nimetumia karibu shilingi 60,000 kwa plasta, patasi mpya, nauli na mti, achilia mbali mlango nilioupoteza. Malindi ziliuzwa chache. Ukumbi ulichukua asilimia 40, na malipo yangu yalichelewa miezi kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo. Andikisha: asilimia, tarehe ya kulipwa, nani analipia uharibifu na nani analipia nauli ya kurudisha. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha.

Mtu atakuambia kwamba yule mtu anayetembea wa mwaka 1960, shaba ya sentimita 183, aliuzwa London mwaka 2010 kwa paundi milioni 65. Ni kweli. Giacometti alikuwa ameshafariki miaka 44. Na sanamu hiyo ilizaliwa katika kazi iliyokwama: aliombwa kutengeneza sanamu za uwanja mbele ya benki huko New York, akahangaika, akaacha, na hazikuwekwa pale. Kwa hiyo usiache milango. Mimi asubuhi ni milango, ndiyo inayolisha nyumba. Mtu wa boriti huanza baada ya alasiri, ami akishaamka.

Wengine wananihimiza nimpeleke kwenye shaba. Nimeulizia Nairobi. Umbo lazima liwe na kalibu, ijazwe nta, nta iyeyushwe itoke na shaba iingie mahali pake, na bei ya mtu mmoja wa kimo cha mkono ni zaidi ya milango miwili. Sijafika huko. Bega la kwenye plasta limeshuka hadi ami amenyamaza, lakini nyonga bado haijalijibu, na hakuna maana ya kugandisha kwa shaba kitu ambacho bado nakibadilisha. Msimu huu wa kusi plasta haikauki vizuri, hubaki na ubaridi ndani na kuota ukungu. Anayetaka kuanza na asubiri kaskazi iingie, Desemba hivi, na kwa sasa atafute timazi na mtu wa kusimama nyuma yake.